Kuponyoka Kuelekea Majini: Usalama wa Watoto Wenye Usonji katika Mwambao wa Rumonge, Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala hii inafafanua kwa nini mtoto mwenye usonji anayeishi katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika anakabiliwa na hatari ya kufa maji iliyo tofauti, kwa ukubwa na kwa namna, na ile inayowakabili watoto wengine. Hoja kuu ni kwamba kinga zilizotungwa kwa ajili ya vidimbwi vya kuogelea haziwezi kuhamishiwa ufukoni mwa ziwa ambalo ni kisima, bafu, soko na shamba la wakazi wake. Kinachowezekana ni kuweka kizuizi mlangoni badala ya ukingoni, kuunda mtandao wa macho ya mtaa mzima, na kusawazisha lugha ya maagizo anayopewa mtoto. Makala inajadili pia istilahi za Kiswahili zinazohitajika ili jambo hili lizungumzwe bila kumtia mtoto hatiani.

Utangulizi

Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470, na kwa kina hicho ni la pili duniani baada ya Baikal. Burundi inamiliki sehemu ndogo tu, takriban asilimia 8 ya eneo la maji, lakini mwambao wake una watu wengi. Kutoka Bujumbura, barabara ya Taifa namba 3 hushuka kusini ikiwa imebanwa kati ya milima na maji, ikapita Magara na Minago, ikafika Rumonge, kisha ikaendelea hadi Nyanza-Lac. Rumonge ni mji wa mawese, wa ndagala na mukeke, na wa Kiswahili kilicholetwa kwa njia ya biashara ya karne ya 19 kutoka Ujiji. Tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2025 ni tarafa ya mkoa wa Burunga, baada ya kuwa mkoa kamili kuanzia mwaka 2015.

Katika mji kama huu, kufa maji ni ajali ambayo kila familia ina habari zake. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5, na kanda ya Afrika ndiyo yenye kiwango cha juu kuliko kanda zote. Mshauri wa sera anapaswa kukumbuka jambo moja anaposoma takwimu hizo: haziwahesabu waliokufa katika mafuriko wala katika ajali za vyombo vya majini. Kwa mwambao wa ziwa linalofurika na linalovukwa kwa mitumbwi, zinaonyesha kipande tu cha picha.

Ndani ya kundi hilo kubwa limo kundi dogo ambalo halitajwi. Shirika hilohilo linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Haidhuru kadirio hilo lipandishwe au lishushwe kwa Burundi. Hata kwa nusu yake, hakuna shule kubwa ya msingi mwambaoni isiyo na mtoto wa namna hii, ama darasani ama nyumbani alikobakizwa.

Istilahi: usonji, kuponyoka, majini

Neno usonji limekwisha kukubalika Tanzania na Kenya. Nchini Burundi maandishi ya kitabibu hutumia Kifaransa, na mzazi wa Rumonge anayezungumza Kirundi na Kiswahili hukutana na hali ya mwanawe kwanza kama jambo lisilo na jina. Pasipo jina la kitabibu, majina mengine hujitokeza: bubu, mkaidi, mtoto aliyerogwa, mtoto mwenye majini.

Jina hili la mwisho linastahili kutazamwa kidogo. Katika Kiswahili, majini ni wingi wa jini, na vilevile ni mahali, ndani ya maji. Mtoto ana majini. Mtoto yuko majini. Sentensi ya kwanza humpeleka mzazi kwa mganga, ya pili inapaswa kumpeleka ufukoni mbio. Sidai kwamba ufanano huu wa sauti ndio chanzo cha imani yoyote. Ninachodai ni kwamba mtoto akielezwa kwamba anaitwa na viumbe vya majini, mwendo wake kuelekea ziwani huwa tayari umepata maelezo, na jambo lililokwisha kuelezwa halitafutiwi kinga.

Istilahi ya pili ni ngumu zaidi. Wataalamu wamelichunguza kwa muda mrefu tendo la mtoto mwenye usonji kuondoka ghafla mahali salama, bila kuaga na bila kusita. Kiswahili kina kutoroka, lakini mtoro ni mwenye kosa. Ametoroka shule, ametoroka jela. Kina kuzurura, lakini mzururaji hana pa kwenda, ilhali mtoto huyu mara nyingi anajua hasa anakokwenda. Makala hii inapendekeza kuponyoka. Kinachoponyoka ni kile kilichokuwa mkononi kikateleza. Neno halimlaumu mtoto, na linamkumbusha mlezi kwamba mkono ulikuwapo. Tofauti hii ina matokeo. Mtoto anayetajwa kuwa mtoro huchapwa akirudishwa, na mtoto aliyechapwa hujifunza kuondoka kimya zaidi.

Kwa nini maji

Utafiti wa Anderson na wenzake wa mwaka 2012, uliofanywa Marekani kwa familia zaidi ya 1,200, ulibaini kuwa karibu nusu ya watoto wenye usonji walikuwa wamejaribu kuponyoka angalau mara moja baada ya kutimiza miaka 4. Miongoni mwa waliopotea kwa muda wa kutia wasiwasi, karibu robo walikuwa wamekaribia kufa maji. Miaka mitano baadaye, Guan na Li wa Chuo Kikuu cha Columbia walichunguza vifo 1,367 vya watu wenye usonji vilivyotokea nchini humo kati ya 1999 na 2014. Karibu asilimia 28 vilitokana na majeraha, na kwa watoto, kufa maji kulichukua nafasi kubwa kupindukia. Umri wa hatari zaidi ulikuwa miaka 5 hadi 7. Katika uchunguzi mwingine wa mwaka huohuo, wakitumia habari za magazeti kuhusu watoto 23 wenye usonji waliokufa maji, walikadiria kuwa uwezekano wa mtoto wa namna hii kufa maji ni mara 160 ya ule wa mtoto mwingine. Karibu robo tatu ya vifo hivyo vilianza kwa kuponyoka, na wengi walikufa kwenye madimbwi, mito na maziwa.

Idadi ya 23 ni ndogo na magazeti si daftari la vifo, kwa hiyo mara 160 isichukuliwe kama kipimo cha rula. Lakini hata tukiipunguza mara kumi, hakuna hatari nyingine ya utotoni mwambaoni inayoukaribia ukubwa huo.

Sababu zake zinaeleweka. Mtoto mwenye usonji aghalabu hupokea mwanga, sauti na mguso kwa kiwango kisicho cha kawaida. Maji humpa vyote kwa namna inayotuliza: mng'ao unaochezacheza na kurudiarudia, uzito laini unaokumbatia mwili mzima, na chini ya uso wa maji, kelele hunyamaza. Hivyo huyafuata kwa ajili ya raha. Nyakati nyingine hufuata utulivu akikimbia zogo. Wakati huohuo, hisi ya hatari inayomfanya mtoto mwingine asite maji yanapofika kiunoni huenda isiwepo, na akiitwa kwa jina huenda asigeuke. Wapo wasiosema, kwa hiyo hawawezi kupiga yowe.

Hapa methali yetu inatupotosha. Mfa maji haachi kutapatapa, twasema, na mwambao mzima huamini kuwa anayezama hupiga kelele na kurusha mikono. Frank Pia, mwokozi wa waogeleaji jijini New York, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba anayezama kwa kweli hawezi kuita, kwa kuwa mdomo hauko juu ya maji muda wa kutosha kuvuta pumzi na kusema. Mikono huugandamiza uso wa maji pembeni, mwili husimama wima, na yote huisha katika sekunde 20 hadi 60. Mtoto asiyesema akizama kimya, mita chache kutoka kwa wanawake wanaofua, hakuna kitakachowafanya wainue macho.

Mwambao usiozungushika ua

Mwongozo wa kimataifa kuhusu kinga kwa kawaida huanza na ua: zungushia maji pande nne, weka lango linalojifunga lenyewe. Ni ushauri mzuri kwa mwenye kidimbwi nyuma ya nyumba. Rumonge, maji ndiyo uwanja. Bomba likikauka, ndoo hurudi ziwani, jambo ambalo milipuko ya kipindupindu mwambaoni imelithibitisha kwa uchungu. Vyombo huoshwa ziwani, nguo hufuliwa ziwani, watoto huogeshwa ziwani. Mtoto mwenye usonji huenda huko na mama yake kila siku, na kwa mtoto anayejifunza dunia kwa ratiba, ziara hiyo ya kila siku ni somo: hapa ndipo tunapokwenda, njia ni hii. Siku moja anaifuata peke yake. Kwa mantiki yake, hajafanya lolote jipya.

Uvuvi nao una saa zake. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, hasa mwezi unapokuwa mdogo. Kwa mtoto anayevutwa na nukta za mwanga, ziwa la usiku wa giza lililotapakaa taa za mitumbwi ni kishawishi ambacho hakuna mwongozo wa Ulaya uliokiwazia. Baba yuko majini usiku na amelala mchana. Alfajiri mitumbwi inaporudi, mama huwahi mwaloni kununua au kupokea samaki kabla ya bei kupanda, na nyumba hubaki na dada wa miaka tisa, kumi. Basi kuna saa moja ya siku ambapo mtoto ameamka, mlango uko wazi, walezi wawili hawapo, na mwalo umejaa makelele na mng'ao. Kama ofisi ya tarafa ina fedha za kulipa ulinzi wa saa moja tu kwa siku, iwe saa hiyo.

Mbali na ziwa lenyewe, kuna mito inayoshuka kutoka milimani, kama Murembwe na Dama, ambayo katika majira ya mvua hubadilika ndani ya saa chache. Kuna mifereji, na mashimo yanayosalia na maji baada ya kuchimbwa udongo au mchanga. Kwa mtoto mdogo maji ya kufika magotini yanatosha.

Kisha ziwa lenyewe limehama. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yalipanda kupita mita 776 juu ya usawa wa bahari, yakaingia nyumbani na barabarani kuanzia Gatumba hadi Rumonge, na bandari ya Rumonge ikafunikwa. Kwa familia nyingi maana yake ilikuwa kuhama. Kwa mtoto mwenye usonji maana yake ni kubwa zaidi ya kuhama: ramani aliyoijenga kwa miaka, kwamba mti ule ndio mwisho na ukuta ule ndio mpaka, imefutwa. Mti sasa uko ndani ya maji, na anaweza kuufuata huko huko. Tena makazi ya muda ya mahema hayana milango, na mlango, kama itakavyoonekana, ndio kinga ya kwanza.

Kipengele cha 11 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Burundi iliuridhia mwaka 2014, kinaitaka dola iwalinde watu hawa katika majanga ya asili. Sheria ya taifa ya tarehe 10 Januari 2018 kuhusu haki za watu wenye ulemavu imeufuata mkataba huo. Kanuni ya Maji ya mwaka 2012 nayo imeweka ukanda wa mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika usiojengwa. Ukanda huo husemwa kila mara kama jambo la mazingira: mmomonyoko, uchafu, mazalia ya samaki. Ni nadra kusemwa kuwa mita 150 ni dakika mbili za mtoto anayekimbia, au pungufu, na kwamba dakika mbili ndizo tofauti kati ya mlezi anayemfikia na asiyemfikia. Wizara zinazotetea ukanda huu zingepata hoja yenye nguvu zaidi mbele ya wakazi kama zingeuzungumzia pia hivyo.

Kinachowezekana

Kizuizi kiwe mlangoni. Komeo lililowekwa juu, mahali mtu mzima anapofika na mtoto hafiki, ni kazi ya fundi ya nusu saa. Kengele ndogo, au hata vifuniko vya chupa vilivyofungwa pamoja juu ya mlango, humwambia aliye jikoni kuwa mlango umefunguka. Lakini komeo lisiwe kufuli ambalo ufunguo wake umekwenda sokoni. Nyumba ikishika moto, kinga imekuwa kaburi. Na hapa hatuna budi kusema waziwazi juu ya kamba. Wapo wazazi, si mwambaoni tu wala si Burundi tu, wanaomfunga mtoto mguu kwenye nguzo wanapokwenda kazini. Wengi hufanya hivyo kwa sababu wamekwisha kumwokoa majini mara moja na wanaogopa mara ya pili. Kamba ni uvunjaji wa haki, huumiza mwili na huzidisha hamu ya kuponyoka. Lakini mshauri anayeikataza bila kuleta komeo, kengele na jirani wa kushika zamu, amemwachia mzazi uchaguzi uleule aliokuwa nao.

Jirani ndiye nguzo ya pili. Burundi ina muundo ambao nchi nyingi zingeutamani: wahudumu wa afya wa jamii, wanaojulikana kwa Kirundi kama abaremeshakiyago, wapo katika kila kilima, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wapo ngazi hiyohiyo, wavuvi wana vyama vyao na huwa ufukoni saa ambazo wengine wamelala. Kinachokosekana ni habari moja fupi kuwafikia wote: katika mtaa huu yupo mtoto huyu, haitiki akiitwa, anapenda maji, ukimwona peke yake mshike mkono umrudishe nyumba ile. Familia huona haya kusema hivyo, na haya hiyo haiondoki kwa hotuba. Inaondoka taratibu, pale mhudumu wa afya anapolitaja jina usonji kwa kawaida ileile anayotaja surua.

Mtoto akipotea, utaratibu ni mmoja na haupaswi kujadiliwa siku hiyo: maji kwanza. Desturi ya kutafuta chumbani, kwa shangazi, shuleni, kisha sokoni, humaliza dakika ambazo hazipo, kwani ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita bila hewa. Watu wawili wakimbilie ziwani, mmoja kila upande. Wengine ndio waulize majirani. Akitolewa majini hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala kukamuliwa tumbo, kama inavyofanywa mahali pengi. Apuliziwe pumzi mdomoni papo hapo, kisha kifua kigandamizwe, pumzi na migandamizo zikipokezana bila kukoma hadi apumue au msaada ufike. Mwokoaji ajue pia kwamba mtoto aliye hai bado anaweza kumkimbia kuelekea kina zaidi. Asipige kelele, akaribie kutokea upande wa ziwa, si wa nchi kavu.

Kuhusu kufundisha kuogelea, uzoefu upo karibu. Mradi wa Panje huko Nungwi, Zanzibar, umeonyesha kuwa jamii ya pwani iliyokuwa na shaka inaweza kukubali mafunzo ya kuogelea kwa wasichana, na huko Mwanza shirika la EMEDO limekuwa likifanya kazi ya kuzuia vifo vya maji miongoni mwa jamii za wavuvi wa Ziwa Viktoria. Kwa mtoto mwenye usonji, tafiti chache zilizopo zinaonyesha kuwa anajifunza, kama somo likikatwa vipande vidogo na kurudiwa kwa mpangilio uleule na mwalimu yuleyule. Stadi za kwanza ni tatu: kugeuka chali na kuelea, kugeuka kuelekea nchi kavu, na kushika kitu. Afundishwe akiwa amevaa nguo, kwa kuwa atakapoanguka atakuwa amevaa. Mwambao wa Burundi una viboko, mamba na kichocho, kwa hiyo mahali pa kufundishia pateuliwe pamoja na wavuvi wanaojua fukwe zao. Kuna tahadhari moja ambayo wazazi hawaipendi: mafunzo humwongezea mtoto hamu ya maji kabla ya kumwongezea usalama. Somo lisilo na komeo nyumbani linaweza kuzidisha hatari.

Lugha ya maagizo

Suala hili linakihusu Kiswahili moja kwa moja. Mtoto wa Rumonge husikia Kirundi kwa bibi, Kiswahili mtaani na mwaloni, Kifaransa shuleni. Kwa watoto wengi huo ni utajiri. Kwa mtoto mwenye usonji anayeelewa neno moja moja, simama, hagarara na arrête ni amri tatu zisizohusiana, na aliyejifunza moja hatasimama kwa nyingine. Familia, mwalimu na wavuvi wa karibu wakubaliane neno moja. Liwe la lugha yoyote. Kinachohitajika ni kwamba lisibadilike na lifanyiwe mazoezi kila siku nchi kavu, kama mchezo, mpaka mwili uitike kabla ya akili.

Muundo wa sentensi nao una athari. Tunamwambia mtoto, usiende majini. Kikanushi katika Kiswahili kimejificha ndani ya kitenzi, silabi moja mwanzoni, na neno linalobaki sikioni mwisho wa sentensi ni majini. Mtoto anayeshika neno la mwisho, au anayerudia kama mwangwi kile alichosikia, ameambiwa mahali pa kwenda. Afadhali kumwambia la kutenda: kaa mkekani, shika mkono, simama kwenye jiwe. Picha husaidia zaidi ya maneno: mchoro wa nyumba, mstari mwekundu, na maji ng'ambo ya mstari, umebandikwa mlangoni kwa usawa wa macho ya mtoto. Jiwe lililopakwa rangi nyekundu njiani kuelekea ziwani hufanya kazi hiyohiyo, mradi lihamishwe kila maji yanapopanda.

Mapendekezo kwa watunga sera

Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2021, na mwambao wa Tanganyika ni mahali ambapo uamuzi huo unaweza kupimwa kwa jambo lenye uzito. Kigoma, Uvira na Rumonge zinatumia maji yaleyale na lugha ileile ya ufukoni. Mwongozo mmoja wa kurasa chache, wenye istilahi zilizosawazishwa na michoro, ungetosha kwa pande zote tatu, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura, tayari inaziunganisha nchi hizo pamoja na Zambia. Tarehe 25 Julai, ambayo Umoja wa Mataifa uliiteua mwaka 2021 kuwa siku ya kuzuia vifo vya maji, ingekuwa siku ya kuugawa mialoni badala ya kusoma hotuba.

Daftari la vifo la tarafa liongezewe nafasi mbili: mtoto aliondokea wapi, na je, alikuwa na ulemavu wa ukuaji. Guan na Li walilazimika kutegemea magazeti kwa sababu vyeti vilikuwa kimya, katika nchi tajiri. Nafasi hizo mbili zinaongeza mistari miwili tu kwenye fomu.

Kuhusu fedha, komeo mbili na kengele kwa nyumba moja hugharimu chini ya mafuta ya ziara moja ya afisa kutoka Bujumbura hadi Rumonge na kurudi. Fungu hilo liwekwe chini ya wahudumu wa afya wa jamii, ambao wanazijua nyumba, na lianze na zile ambazo mtoto amekwisha kutolewa majini mara moja akiwa hai. Majirani wanazijua, kinachotakiwa ni mtu wa kwenda kuwauliza.